Kaya ya Thelathini na Saba

Eunike Anaeli hakujua kwamba meno yake yana kasoro mpaka alipoingia kidato cha kwanza, shule ya bweni huko Korogwe. Kwao, kwenye migomba ya upande wa mashariki wa Mlima Meru, watu wote aliowafahamu walikuwa na meno ya kahawia. Mchungaji alikuwa nayo, mwalimu wa kwaya alikuwa nayo, baba yake alikuwa nayo na yalikuwa yamelika pembeni kama mahindi yaliyobunguliwa. Yeye aliamini hiyo ndiyo rangi ya meno ya mtu mzima. Wiki ya kwanza bwenini, msichana wa kitanda cha jirani akamwuliza, wala si kwa ubaya, "Kwani kwenu hakuna mswaki?" Bweni zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo Eunike alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, na kwa miaka zaidi ya ishirini hakupiga picha akiwa ameonyesha meno.

Baadaye alikuja kuelewa. Maji ya milimani kwao, yaliyo meupe na baridi na matamu, yamebeba madini ya floraidi kupita kiasi. Mtoto akiyanywa wakati meno yanaota, meno yanaungua yakiwa bado ndani ya ufizi. Akiendelea kuyanywa, madini yanaingia kwenye mifupa. Wengine miguu inapinda, wengine uti wa mgongo unakakamaa uzeeni. Floraidi haina harufu wala ladha. Hata ukiyachemsha maji mpaka yakauke nusu sufuria, yenyewe inabaki pale pale.

Kwa hiyo alipopata habari kwamba chuo kimoja kinatafuta wadadisi kwa ajili ya utafiti wa maji huko Nduruma, nje ya mji wa Arusha, alipeleka barua siku hiyo hiyo. Alikuwa na miaka thelathini na minne, ana stashahada ya maendeleo ya jamii, anaishi chumba na sebule mtaa wa Sokon One, na kazi alizokuwa akipata zilikuwa za wiki mbili tatu. Aliyemfanyia usaili alikuwa Daktari Prisca, mwanasaikolojia, mama mtaratibu aliyezoea kuvua miwani anapofikiri.

"Umezaliwa huku huku?" Daktari alimwuliza.

"Ndiyo, Daktari. Upande wa Meru."

"Vizuri sana. Wakikuona tu watajua wewe ni mwenzao."

Eunike alijua Daktari alikuwa akitazama wapi aliposema maneno hayo. Aliyameza. Kazi aliipata.

Utafiti wenyewe ulikuwa umeunganisha watu wa aina mbili ambao kwa kawaida hawakai meza moja. Wahandisi, wakiongozwa na kijana mmoja mpole aitwaye Joel, walikuwa wametengeneza chujio la nyumbani: ndoo juu ya ndoo, na katikati mkaa uliotokana na mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwenye tanuri. Mkaa huo unanasa floraidi. Wanasaikolojia wa Daktari Prisca wao walitaka kujua jambo jingine: kwa nini mtu anapewa maji salama ndani ya nyumba yake, bure, halafu hayanywi? Zilichaguliwa kaya sitini. Kila kaya ilipewa chujio, na ndani ya koki ya kila chujio Joel alificha kidude kidogo kama punje ya haragwe kilichoandika siku na saa kila koki ilipofunguliwa. Yeye alikiita sensa. Siku ya kwanza kijijini mzee mmoja akauliza kama serikali imeanza tena kuhesabu watu, basi kuanzia hapo wakakiita kihesabio.

Haikuwa siri kamili. Katika fomu ya ridhaa, ukurasa wa pili kati ya kurasa nne, kulikuwa na sentensi isemayo kwamba chujio lina kifaa kinachorekodi matumizi. Eunike aliisoma kwa sauti katika kila nyumba, kama alivyoagizwa. Watu waliitikia kwa kichwa, kama wanavyoitikia matangazo ya kanisani.

Kaya ya thelathini na saba ilikuwa ya Nosim, mjane wa Kiarusha wa miaka sitini na kitu. Maji yalikuwa yameshamaliza kazi kwake. Shingo yake haikugeuka. Akitaka kukutazama aligeuka mwili mzima, kama mlango, na kuinama kwenye jiko la mafiga lilikuwa jambo la kulipangia muda. Aliishi na mjukuu wake wa kike, Naisiae, aliyekuwa na miaka minne. Mama yake mtoto alikuwa mpishi wa hoteli Babati na alirudi nyumbani Krismasi tu.

Eunike alimwona Naisiae siku ile ya kwanza akitoka mbio nyuma ya nyumba kumfukuza mwanambuzi. Miguu ilikuwa imeanza. Haikuwa imepinda sana. Ilikuwa na tao jepesi tu chini ya magoti, kama mabano mawili yanayotazamana. Mtu asiyejua angesema ni matege ya utotoni, yatanyooka. Eunike alijua.

"Shikamoo, mama," alimsalimu Nosim.

"Marahaba. Huku wananiita yeyo. Niite yeyo. Kaa."

Joel alilifunga chujio kwenye kona, akaeleza namna ya kumimina na namna ya kusafisha. Nosim aliuliza maswali mengi kuliko mtu yeyote katika kaya zilizotangulia. Kisha akaweka dole gumba kwenye fomu.

Kila mwezi Eunike alirudi na kishikwambi chake. Madodoso yalikuwa marefu. Kulikuwa na maswali ya maji na maswali ya moyo, kwa sababu Daktari Prisca alitaka kujua kama aibu ina mchango wake.

"Je, huwa unaficha mdomo unapocheka?" Eunike alisoma.

Nosim aligeuka mwili mzima akamtazama. "Hilo nikujibu mimi au unijibu wewe?"

Wakacheka wote wawili, wote wameziba midomo, na Eunike akajisikia mwepesi kuliko alivyojisikia kwa muda mrefu. Kisha akaendelea na swali lililofuata. "Katika siku saba zilizopita, umetumia chujio mara ngapi?"

"Kila siku, mwanangu."

Akabonyeza: kila siku.

Mwezi wa tatu walikutana ofisini, nyumba ya kupanga yenye meza moja ndefu. Joel alikuwa amekwenda nyumba hadi nyumba kuvuna taarifa kutoka kwenye vihesabio, na sasa alizionyesha ukutani. Kila kaya ilikuwa na mstari wake, unapanda na kushuka. Wengine walitumia vizuri, wengine kwa kusuasua. Kaya ya thelathini na saba ilikuwa na mstari ulionyooka kama uzi, chini kabisa.

"Hata tone," Joel alisema. "Nilidhani kidude kimekufa. Nilikijaribu mwenyewe, ni kizima."

"Na yeye anasemaje?" Daktari Prisca aliuliza.

Macho yote yalimgeukia Eunike. "Anasema kila siku."

"Safi sana," alisema Daktari, halafu kama vile alijisikia vibaya kwa kulisema hilo. "Ninamaanisha, hapo ndipo penye utafiti wenyewe. Kati ya kinachosemwa na kinachofanyika."

Alivua miwani, akaeleza sharti ambalo walikwisha kulisikia kwenye mafunzo. Mdadisi haruhusiwi kumwambia mtu kihesabio kimesema nini. Ukimwambia, atabadilika kwa sababu umemwambia, na mwisho wa siku mtakuwa mmempima mdadisi, si mwenye nyumba.

"Kuna mtoto mle ndani, Daktari," Eunike alisema. "Miguu imeanza kupinda."

"Najua wako watoto," Daktari Prisca alijibu kwa sauti ya chini. "Tukipata jibu la kweli litawafaa watoto wengi sana, Eunike, siyo mmoja. Na chujio liko ndani ya nyumba yake. Hakuna aliyemnyima."

Eunike aliondoka na maneno hayo, akayapindua na kuyapindua. Alitafuta mahali yalipokuwa ya uongo ili apate pa kukasirikia. Hakupapata, na hilo ndilo lililomkosesha raha.

Mwezi wa nne alikwenda, akauliza, akaambiwa kila siku. Mwezi wa tano hivyo hivyo. Sasa macho yake yaliona kile ambacho zamani hayakukiona. Chujio lilisimama kwenye kona yake likiwa limefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, kile ambacho nyumba nyingine hufunikia televisheni. Halikuwa na chembe ya vumbi. Naisiae alikuja na kikombe, akapita mbele yake, akainamisha dumu la maji ya bomba la kijiji, akanywa mpaka akahema. Eunike alimtazama koo likipanda na kushuka. Kishikwambi kilikuwa magotini pake kikisubiri swali la tisa.

Njiani kurudi mjini alimlaumu Nosim kimoyomoyo. Alimwona mwongo. Alimwona mkaidi, mtu anayepewa kitu akakigeuza pambo. Alifika nyumbani akiwa amechoka na hasira yake mwenyewe, na hakuwa na wa kumwambia, maana alikuwa ametia saini kutunza siri za wahojiwa.

Mwezi wa sita ulikuwa Julai, ile baridi ya Arusha ya mawingu yasiyoondoka, Mlima Meru hauonekani wiki nzima. Alimkuta Naisiae mlangoni amejifunga shuka. Mtoto alisimama kumpokea, na Eunike aliona kwamba magoti hayakutani tena. Katikati yake ngumi ya mtu mzima ingepita.

Aliingia ndani. Akawasha kishikwambi, akakitazama, kisha akakilaza kifudifudi juu ya kigoda.

"Yeyo, hili chujio hulitumii."

Nosim alikuwa akipepeta maharage kwenye ungo. Mikono ilisimama. "Nani amekwambia?"

"Lenyewe."

Alimweleza yote, kuhusu kidude ndani ya koki, na kwamba kinaandika, na kwamba ilikuwamo kwenye fomu, ukurasa wa pili. Nosim alisikiliza bila kupepesa. Alipozungumza sauti yake ilikuwa kavu.

"Kwa hiyo miezi sita linanisema. Ndani ya nyumba yangu. Nalifulia kitambaa, nalifuta vumbi, lenyewe linanisema huko mjini."

"Nisamehe, yeyo."

"Na wewe unakuja unakaa hapo, unaniuliza huku unajua."

Nje mwanambuzi alilia. Nosim aliweka ungo chini, taratibu, kwa kuinamisha magoti maana mgongo ulikataa.

"Yule kijana wa mashine alisema nini siku ile?" aliuliza. "Alisema mkaa huu unakula sumu. Ukishiba hauli tena. Nikamwuliza, unashiba baada ya muda gani? Akasema miezi sita, labda minane. Nikamwuliza, ukishiba? Akasema mradi utaangalia. Mradi unakaa muda gani? Akasema mwaka mmoja. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Sasa mimi nimeona miradi, mwanangu. Walikuja wa kisima, pampu ikafa, hawakurudi. Walikuja wa majiko. Kila mmoja anakuja na mwaka wake. Nikasema huu mkaa mimi siumalizi kwa kupikia maharage. Nautunza. Mtoto akifika miaka sita saba, akianza shule, akianza kurefuka, ndipo nitaufungua, anywe yeye peke yake. Mimi nimeshapinda. Nilikuwa namtunzia."

Eunike alikuwa amefundishwa, siku nzima ya semina, kwamba miaka ya mwanzo ndiyo yenye hatari kubwa, meno na mifupa inapojijenga. Mwezi mmoja wa umri ule una uzito wake. Mtoto alihitaji maji yale tangu Februari.

"Yeyo," alisema. "Ni sasa. Ni huu umri alio nao sasa. Akifika miaka saba mengi yatakuwa yameshapita."

Nosim alimwuliza, "Mbona hamkusema?"

"Sijui."

"Umekuja mara sita. Umeniuliza kama naona haya. Umeniuliza kama naogopa mifupa ya ng'ombe. Umeniuliza kama nalala vizuri. Hukuniuliza kwa nini."

Lilikuwapo swali la kwa nini. Lilikuwa la kumi na moja. Lakini kishikwambi kilikuwa kimepangwa kuruka: mtu akijibu kwamba hatumii chujio, swali hilo linafunguka, na chini yake kuna majibu ya kuchagua, yaani ladha, harufu, kuchukua muda, imani kuhusu mifupa. Mtu akijibu kwamba anatumia kila siku, halitokei kabisa. Eunike hakujaribu kumweleza hilo.

Wakakiondoa kitambaa pamoja. Eunike alimimina dumu lote kwenye ndoo ya juu, wakakaa kusubiri maji yapite kwenye mkaa, na walipokinga kikombe cha kwanza Naisiae alikionja, akakunja uso, akasema yana ladha ya ndoo.

"Kunywa," bibi yake alisema.

"Koko, sitaki."

"Kunywa, nimesema."

Mwezi uliofuata mstari wa kaya ya thelathini na saba uliruka juu kama kitu kilichoshtuka. Joel ndiye aliyeuona kwanza. Alimpigia Eunike simu kabla hajamwambia mtu mwingine.

"Umeongea naye?"

"Nimeongea naye."

Joel alivuta pumzi. "Naweza kuandika kwamba kihesabio kilikuwa kibovu. Vitatu vimekufa kweli, hakuna atakayeshangaa."

"Hapana. Usijiingize."

Alikwenda mwenyewe kwa Daktari Prisca, akasimama mbele ya meza, akaeleza kila kitu, pamoja na ile sababu. Daktari aliiandika kwenye daftari lake, neno kwa neno, kisha akaweka kalamu chini. Alionekana kuzeeka ghafla.

"Namtunzia," alisoma tena. "Eunike, hili ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Hakuna mtu aliyelifikiria. Na sasa siwezi kulitumia, kwa sababu limepatikana nje ya utaratibu. Wakaguzi wakiliona watauliza limetoka wapi, na lote tulilofanya litatiliwa shaka."

"Naelewa, Daktari."

"Ungekuja kwangu kwanza."

"Nilikuja, Daktari. Mwezi wa tatu."

Daktari Prisca hakubisha. Alivaa miwani yake, akaandika barua. Eunike alirudisha kishikwambi, kizibao chenye nembo na kitambulisho, akatia saini mahali pa kutia saini. Hakufukuzwa kwa kelele. Daktari alimsindikiza mpaka mlangoni akamshika bega, na ule upole ulimwumiza zaidi kuliko kama angetukanwa.

Alikaa bila kazi mpaka karibu Pasaka ya mwaka uliofuata. Kisha akapata nafasi kwenye duka la vifaa vya ofisi mtaa wa Levolosi, kuchapa, kutoa nakala na kubana vitabu. Wateja wengi walikuwa wanafunzi wa vyuo. Mchana kutwa alipitisha mikononi mwake tafiti za watu wengine: msongo wa mawazo wa waendesha bodaboda, uimara wa matofali yaliyochanganywa na majivu, mashine ya kutambua ugonjwa wa kahawa kwa picha ya simu. Alitoboa matundu, akapitisha waya, akabana. Alianza kuzoea harufu ya wino wa moto, na akaacha kusoma alichokuwa anakibana.

Hata hivyo siku moja alikisoma. Mteja wake, Lomayani, mwanafunzi wa shahada ya pili, alileta rundo la makala alizotaka zifungwe pamoja. Ya nne toka juu ilikuwa na jina la Daktari Prisca na jina la Joel. Eunike alimwomba Lomayani arudi baada ya chakula cha mchana, akaketi nyuma ya mashine ya nakala, akakisoma Kiingereza chake pole pole, kidole juu ya mstari.

Makala ilikuwa nzuri. Ilionyesha kwamba watu husema wanatumia chujio zaidi kuliko wanavyolitumia, na kwamba vihesabio huona ambacho madodoso hayaoni. Sababu kuu za kutotumia, ilisema, ni ladha na imani kuhusu mifupa. Ukurasa wa sita, kwenye maandishi madogo, palikuwa na sentensi moja: kaya moja iliondolewa kwenye uchambuzi kwa sababu mdadisi aliingilia kati. Sentensi iliyofuata ilieleza kwamba mwezi wa kumi kaya zote zilizobaki, hamsini na tisa, zilibadilishiwa mkaa.

Aliirudia sentensi hiyo ya pili mara tatu. Zilizobaki.

Jumamosi hiyo aliomba ruhusa akaenda Nduruma. Ilikuwa mwishoni mwa Aprili, mwaka mmoja na miezi tisa tangu siku walipokiondoa kitambaa. Nosim alimpokea kama mtu wa nyumbani, akamfutia kigoda kwa upindo wa shuka. Hakuwa na kinyongo. Mgongo ulikuwa umeinama zaidi, na sasa alitembea kwa fimbo. Naisiae, mwenye miaka sita, alikuwa ameanza darasa la awali na alitaka kuonyesha kwamba anajua kuandika jina lake. Alitembea akiyumba, uzito wote upande mmoja kisha upande wa pili. Mabano yalikuwa yamepanuka.

"Tulimpeleka hospitali," Nosim alisema. "Daktari anasema asubiri akue kidogo, halafu wataona kama wamkate mfupa waunyooshe. Amesema pia inawezekana isingekuwa nafuu hivi kama asingepata maji mazuri. Nikamwambia tunayo. Kila siku anakunywa ya pale." Akaelekeza fimbo kwenye kona.

Chujio lilikuwa limelowa. Chini ya koki palikuwa na kikombe.

"Yeyo, walikuja kubadilisha mkaa?"

"Walipita. Waliingia kwa jirani, wakaingia kule kwa mama Magreth. Hapa walisema jina langu halipo kwenye karatasi."

Eunike alishusha pumzi. Maji yaliyokuwa yakidondoka kwenye kikombe yalikuwa meupe. Yangeonekana hivyo hivyo mwaka juzi, na yangekuwa na ladha hiyo hiyo. Hakuna ambaye angeweza kujua kwa ulimi wake.

"Mkaa huo umeshiba," alisema. "Umeshiba zamani. Labda tangu Machi ya mwaka jana. Anakunywa maji yale yale ya dumu."

Nosim aligeuka mwili mzima, akalitazama chujio, kisha akamtazama Naisiae aliyekuwa akichora chini kwa kijiti.

"Mwaka mzima," alisema.

"Ndiyo, yeyo. Jina lako walilitoa kwa sababu yangu. Kwa sababu nilikwambia."

"Ungeniacha basi nikautunza."

Eunike alitaka kusema kwamba ile miezi minane ambayo mtoto alikunywa maji safi haikupotea, kwamba mkaa uliofunikwa haumsaidii mtu. Lilikuwa kweli. Lakini kama angenyamaza, kaya hii ingekuwa kwenye karatasi, nao wangeletewa mkaa mpya kama wengine, juu ya ule wa zamani ambao haujaguswa. Hilo pia lilikuwa kweli.

Nosim aliuliza, "Na hao majirani? Wao mkaa wanao?"

"Nao umeisha. Ulikuwa wa mara moja tu."

Nosim aliguna, akionekana kutulizwa kidogo na jambo hilo, halafu akionekana kuona haya kwa kutulizwa nalo.

Eunike alitoka uani akampigia Joel. Simu iliita kwa mlio wa nchi za mbali. Joel alikuwa Ulaya akisomea shahada ya juu. Alifurahi kusikia sauti yake, kisha akasikia anachoulizwa na furaha ikamwisha. Tanuri lilifungwa mradi ulipoisha, alisema. Mifupa haichomwi kienyeji. Ikikosewa joto maji yananuka na floraidi haishikwi. Alisema ataandika barua kwa watu anaowajua. Alisema mara mbili kwamba anasikitika, na Eunike alimwamini.

Alipokuwa bado ameshika simu, matone ya kwanza yakaanguka. Mawingu yaliyokuwa mlimani tangu asubuhi yalikuwa yameteremka.

"Yeyo!" aliita. "Maji ya mvua hayana ile sumu. Leta ndoo!"

Wakalifungua chujio, wakamwaga mkaa kwenye shina la mgomba, wakasuuza ndoo zote mbili na kuziweka chini ya bati pamoja na sufuria, karai na dumu lililokatwa mdomo. Nusu ya paa la Nosim ilikuwa bati na nusu nyasi, na mfereji haukuwepo, kwa hiyo maji mengi yalimwagika pembeni. Naisiae alikimbia huku na huko kwa miguu yake ile, akisogeza karai penye michirizi minene, amelowa, akicheka mdomo wazi. Meno yake ya utoto yalikuwa meupe bado. Yale ya ukubwa yalikuwa ndani ya ufizi, na hakuna aliyeweza kuyaona.

Mvua ile ilidumu kama dakika ishirini. Walipata ndoo mbili na karai. Eunike alikaa mpaka nguo zikaanza kukauka, akamwonyesha Nosim namna ya kuyatunza na kumwambia ayaweke kwa ajili ya mtoto kunywa, ya kupikia watumie mengine. Aliahidi kurudi na vipande vya mfereji, na wiki mbili baadaye alirudi navyo, yeye na fundi mmoja wa Sokon One, wakavipigilia chini ya bati mpaka kwenye pipa.

Mvua za mwaka ule zilikatika siku nne baadaye.